Nyayo za Laetoli: kutoka plasta hadi hifadhi ya mtandaoni

Mgeni aliyelala Karatu akaondoka alfajiri, akapita lango la Loduare, akazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kuteremka hadi Olduvai, ataonyeshwa nyayo za Laetoli ndani ya makumbusho. Dereva atamweleza kuwa zina umri wa miaka milioni 3.66, naye atapiga picha. Ambacho huenda asikiulize ni kwa nini ziko ndani ya nyumba. Anachokitazama ni nakala. Nyayo zenyewe ziko kilomita 45 hivi kusini mwa hapo, upande wa Endulen, zimefukiwa chini ya mchanga na mawe, na wataalamu wengi walioandika juu yazo walifanya hivyo wakiwa na nakala mezani. Kwa hiyo swali la nani anayo nakala, na nani anaisubiri, limekuwapo Laetoli kabla ya mtu yeyote kufikiria kuhifadhi faili kwenye wingu.

Mwanzoni hakukuwa hata na nakala; vitu vilichukuliwa vyenyewe. Louis na Mary Leakey walifika Laetoli mwaka 1935 na jino moja likaishia London, likikaa kabatini miongo kadhaa likidhaniwa kuwa la nyani. Mwaka 1939 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliokota kipande cha taya ya juu eneo hilohilo la mto Garusi. Nacho kikaenda Ujerumani. Aliyetaka kulinganisha kimoja na kingine ilimbidi awe na nauli ya meli.

Plasta ilibadilisha mambo, na ikaleta ugomvi wake. Mwaka 1974 Maundu Muluila, mmoja wa mafundi wa Mary Leakey, aliokota taya ya chini iliyopewa namba LH 4. Miaka mitatu baadaye Tim White, aliyekuwa akizichambua taya za Laetoli kwa niaba ya Mary, alikuwa Cleveland, Marekani, na nakala za taya hizo, akizipanga meza moja na mifupa ambayo Donald Johanson aliileta kutoka Hadar, Ethiopia. Wakaona ni viumbe wa aina moja. Mwaka 1978 wakatangaza jina jipya, Australopithecus afarensis, na mfupa walioutaja kuwa kielelezo rasmi cha aina hiyo haukuwa wa Ethiopia, ulikuwa LH 4 ya Laetoli. Mary Leakey hakukubaliana nao, akataka jina lake liondolewe kwenye andiko hilo. Leo mtu angesema walifanyia kazi faili la pamoja bila kukubaliana nani ana ruhusa ya kulihariri.

Nyayo zilionekana katikati ya vuta nikuvute hiyo. Mwaka 1976 mtafiti Andrew Hill alikuwa akikwepa kinyesi kikavu cha tembo ambacho wenzake walikuwa wakirushiana kwa mzaha, akaanguka, na usoni pake akaona alama za wanyama zilizoganda kwenye majivu ya volkano. Mwaka 1978 Paul Abell aliona kisigino kilichofanana na cha binadamu. Ndibo Mbuika, fundi mzoefu wa kikosi cha Mary Leakey, akaendelea kuchimba na kuonyesha kwamba alama zinaendelea. Hadi 1979 ilikuwa imefunuliwa mistari miwili yenye alama 70 hivi, urefu wa mita 27, mahali panapoitwa G.

Umbo la unyayo halibebeki kama taya. Ilibidi wamimine mpira wa silikoni ulio majimaji ndani ya alama, wausubiri ugande, kisha waubandue polepole, kwa maana majivu yale ni laini na kila ubanduaji unaweza kuondoka na chembe. Kutoka kwenye mpira huo ndipo zilipotengenezwa nakala za kupelekwa makumbusho. Zoezi la namna hiyo halirudiwi kila mtafiti akijisikia. Walipomaliza, walifukia nyayo kwa mchanga wa mto wa jirani na kuweka mawe juu ili tembo na ng'ombe wasizikanyage. Kumbe mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Ikaota juu ya kaburi la nyayo, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye majivu.

Kazi ya kuziokoa ilifanywa na Idara ya Mambo ya Kale pamoja na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani. Mwaka 1995 na 1996 walizifunua, wakatoa mizizi, wakazifukia upya kwa tabaka za mchanga na mikeka yenye dawa ya kuzuia mizizi. Mimi naona jambo kubwa la miaka hiyo ni lile lililofanyika nyayo zikiwa wazi. Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliongoza upigaji wa picha za vipimo, ambapo kila alama hupigwa kutoka pembe tofauti ili kina chake kikokotolewe bila kuigusa. Umbo likawa namba. Namba hazichakai kwa kunakiliwa, wala hazihitaji kreti.

Lakini zilihitaji njia. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ya nje ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, na mafaili mazito yalisafiri mifukoni kwa diski. Ndiyo sababu kilichotokea Laetoli miaka mitano baadaye kilikwenda kwa mwendo mwingine kabisa.

Mwaka 2014 Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikagua eneo lililopendekezwa kujengwa makumbusho. Yalichimbwa mashimo ya majaribio 62, kila moja mita mbili kwa mbili. Katika matatu, mita 150 kusini mwa G, zilionekana alama 14: 13 za mtu mmoja aliyepewa jina S1, na moja ya mwenzake S2. Mwaka uliofuata walijiunga nao Waitaliano wa vyuo vya Perugia na Sapienza, Roma. Safari hii hawakutegemea mpira. Walipiga picha nyingi kwa kamera, moja ikipandiana na nyingine, na programu ikatafuta nukta ileile katika picha kadhaa, ikakokotoa kamera ilisimama wapi kila mara, hatimaye ikajenga umbo la pande tatu. Timu iliyogawanyika kati ya Dar es Salaam na Italia ingeweza sasa kupima unyayo uleule, wenye wastani wa sentimita 26, bila yeyote kurudi Ngorongoro. Desemba 2016 matokeo yalitoka katika jarida la eLife, ambalo msomaji halilipii: S1 alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165, mrefu kuliko wenzake wote wa Laetoli.

Mwaka huohuo Matthew Bennett wa Chuo Kikuu cha Bournemouth na wenzake walionyesha mafaili yanaweza kufanya nini hata pale ambapo jembe limegota. Mstari mmoja wa G ni wa watu waliokanyagiana nyayo, na kwa miaka zaidi ya 35 watafiti wengi waliupita pembeni. Kwa hesabu za maumbo kwenye kompyuta, walizitenganisha alama za aliyetangulia na za aliyefuata. Nyayo za huyo wa pili zikapatikana bila kufukua kitu.

Hata hivyo faili haliondoi haja ya kwenda. Alama tano za ajabu zilizoonekana mwaka 1976 mahali panapoitwa A hazikuwa zimechimbuliwa kikamilifu, na katika miaka ya 1980 ikasemwa huenda ni za dubu. Mwaka 2019 timu ya mtafiti Charles Musiba ilizitafuta kwa ramani za Mary Leakey, ikazisafisha na kuzipiga skani. Wenzao Marekani walizilinganisha na nyayo za madubu hai wa New Hampshire. Desemba 2021, katika jarida la Nature, Ellison McNutt na wenzake walisema si dubu. Ni kiumbe aliyetembea wima, na pengine si wa aina moja na wale wa G.

Maumbo ya namna hii siku hizi huwekwa kwenye hazina kama MorphoSource, iliyoanzishwa 2013 katika Chuo Kikuu cha Duke. Huko mwenye faili anaweza kuliacha wazi, au kuweka sharti kwamba anayelitaka aombe kwanza. Ni ugomvi wa Cleveland uleule, ila safari hii ruhusa imeandikwa kabla ya kazi kuanza. Kwa mwalimu wa Karatu anayetegemea bando la simu, hata faili lililo wazi si la bure, na sioni kwa nini diski moja yenye maumbo hayo isiwekwe kwenye maktaba za shule zetu.

Kati ya mashimo yenye nyayo za S1 na nyayo za G kuna majivu mengi ambayo bado hayajafunuliwa. S1 alikuwa akielekea kaskazini-magharibi, upande mmoja na wale wa G, kwa mwendo unaokaribiana na wao. Atakayetaka kujua kama walikuwa msafara mmoja anaweza kuanza leo kwa kuweka mafaili ya pande zote mbili kwenye ramani moja, ndipo achague mahali pa kuchimba shimo la 63.