Wasichana wa Lowell na Kazi ya Saa Kumi

Wasomaji wengi wamepata kuwasikia wazee wakitaja nguo ya merikani, ile nguo nzito isiyotiwa rangi, iliyokuwa ikipimwa kwa mikono na kupokewa kama fedha katika njia za biashara kutoka pwani mpaka bara. Jina lake laonyesha asili yake. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na meli za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikazidi kuja Unguja kuchukua pembe na sandarusi, na kuleta nguo hiyo. Wazee wetu waliijua bei yake na uzito wake, walakini mikono ya wafumaji hawakuijua. Katika viwanda vikubwa vya Massachusetts siku zile, sehemu kubwa ya mikono hiyo ilikuwa ya wasichana, nao ndio nitakaosimulia habari zao.

Hapo kwanza nguo zilifumwa nyumbani, kila mke wa mkulima na kitanda chake cha kufumia. Mfanya biashara mmoja wa Boston, jina lake Francis Cabot Lowell, alisafiri Uingereza, akavitazama vitanda vya mashine na kuyashika moyoni aliyoyaona, kwa kuwa Waingereza walikataza kabisa michoro yake isitoke katika nchi yao. Aliporudi, yeye na fundi wake, Paul Moody, wakatengeneza kitanda chao wenyewe, na mwaka 1814 huko Waltham kikawako kiwanda ambacho pamba mbichi iliingia humo, ikasokotwa na kufumwa, ikatoka nguo. Lowell alikufa mwaka 1817. Wenzake wakatafuta maji yenye nguvu zaidi, wakayapata katika maporomoko ya mto Merrimack, na mji walioujenga hapo wakauita kwa jina lake. Palikuwa mashamba matupu. Hata mwaka 1840 palikuwa na watu zaidi ya 20,000.

Matajiri wale walikuwa wamesikia uovu wa miji ya viwanda ya Uingereza, wakaogopa fedheha ile isije kwao. Kwa hiyo waliwaita binti za wakulima, wakawajengea nyumba za kulala, kila nyumba na mama wa kuiangalia, mlango ukifungwa saa nne usiku, na siku ya Jumapili kila mmoja alipaswa kwenda kanisani. Wasichana walikuja kwa hiari yao. Huyu alitaka kulipa deni la shamba la baba yake, huyu alimsomesha ndugu yake wa kiume, na mwingine alitaka tu kushika fedha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nao walikuwa wasomi. Vitabu vilikatazwa kiwandani, basi wengine walibandika kurasa karibu na mashine zao wapate kusoma huku wakiuangalia uzi. Tangu mwaka 1840 hata 1845 walikuwa na gazeti lao, Lowell Offering, lililoandikwa na wao wenyewe, na Charles Dickens alipofika mwaka 1842 akalisifu.

Sisi walimu tungependa kukomea hapo. Walakini nyuma ya sifa hizo ilikuwapo kengele. Kengele iliwaamsha, kengele iliwaingiza kazini, kengele iliwapeleka kula na kuwarudisha. Wakati wa jua kali kazi ilianza saa kumi na moja alfajiri hata saa moja ya usiku. Asubuhi walipewa nusu saa kula, na mchana dakika arobaini na tano, na katika muda huo msichana alipaswa kushuka ngazi, kwenda nyumbani, kula na kurudi. Mimi napiga kengele ya shule kila siku, nami najua jinsi watoto wanavyoitii bila kuuliza; lakini mtoto hurudi kwao adhuhuri.

Mwaka 1834 kampuni zilitangaza kupunguza mshahara. Wasichana waliacha kazi, wakaandamana mjini, wala hawakupata kitu. Mwaka 1836 kampuni zikaongeza gharama ya chakula na malazi, na safari hii waligoma zaidi ya 1,500. Alikuwapo kati yao mtoto wa miaka kumi na mmoja, Harriet Hanson. Wenzake wa chumba kimoja walisitasita, wakiulizana watoke au wasitoke, hata yeye akasema kwamba atatoka, wakifuata wasifuate, akatangulia. Alipogeuka aliona wote nyuma yake. Mama yake alikuwa mjane mwenye kuangalia nyumba moja ya wasichana. Mkubwa wa kampuni akamwambia kwamba hao wakubwa hakuweza kuwazuia, lakini binti yake ni mtoto, alipaswa kumzuia. Akamwondoa katika kazi ile.

Hata mwisho wa mwaka 1844 wasichana walibadili njia. Waliunda chama chao cha kuleta matengenezo ya kazi, na mkuu wao akawa Sarah Bagley, aliyekuwa amefanya kazi viwandani miaka mingi. Hawakuomba mshahara. Waliomba kwa baraza la kutunga sheria la Massachusetts kwamba kazi ya siku isizidi saa kumi, na maombi ya Lowell na miji mingine yakatiwa sahihi na watu zaidi ya 2,000. Kumbuka, msomaji, kwamba wanawake hawa hawakuwa na haki ya kupiga kura. Karatasi ile ilikuwa sauti yao pekee.

Mwezi wa Februari 1845 waliitwa mbele ya wazee wa baraza huko Boston kutoa ushuhuda. Eliza Hemingway alieleza kwamba katika chumba chake cha kufumia, kazi ilipokuwa ya usiku, ziliwaka taa ndogo 293 na kubwa 61, na watu zaidi ya 150 wakivuta pumzi katika moshi wake, na kwamba haikupita siku bila wanawake sita au zaidi kukosa kazi kwa ugonjwa. Wazee wale wakaenda Lowell kujionea. Waliona nini? Waliona majani yamekatwa vizuri, miti imepandwa, na maua viwandani, nao wakayaandika katika taarifa yao. Mwisho wakajibu kwamba maovu yapo, lakini dawa yake haimo mikononi mwa baraza. Mfanya kazi ana akili ya kutosha kupatana na tajiri wake peke yake.

Mkuu wa wazee wale alikuwa William Schouler, mjumbe wa Lowell yenyewe.  Wasichana walitangaza kwamba watafanya bidii asirudi barazani, na katika uchaguzi uliofuata hakurudi, ingawa wao wenyewe hawakutia hata kura moja. Mwaka 1846, kiwanda kimoja kilipotaka kila mfumaji aangalie vitanda vinne badala ya vitatu, na malipo ya kila kipande yapunguzwe, karibu wafumaji wote walitia sahihi ahadi ya kukataa, nayo kampuni ikaacha shauri lile.

Neno moja sharti nilitaje, wala si la kupita upesi. Pamba ya Lowell ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini, na sehemu ya nguo nzito ya Lowell ilirudi huko huko kuwavika watumwa hao. Wapo wasichana waliotia sahihi maombi dhidi ya utumwa pia. Hata hivyo, katika magomo yao wengi waliimba na kusema kwamba hawatakuwa watumwa, huku pamba ya mtumwa ikipita katika vidole vyao. Sioni kwamba jambo hili lawafanya waongo; laonyesha jinsi mtu aonavyo kwanza mnyororo wake mwenyewe.

Jimbo la New Hampshire lilitoa sheria ya saa kumi mwaka 1847, lakini likaruhusu mapatano ya kazi ya saa zaidi, na matajiri wakawapa wafanya kazi karatasi za mapatano hayo watie sahihi. Huko Lowell binti za wakulima walianza kuondoka, na Waailandi waliokimbia njaa ya kwao wakashika mahali pao. Sarah Bagley alikwisha toka kiwandani mwaka 1846, akashika kazi ya kupeleka habari kwa simu ya waya, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Marekani katika kazi hiyo. Vita vya mwaka 1861 hata 1865 vilikatiza pamba, na nguo za Salem zikaadimika Unguja, ingawa jina la merikani lilibaki.

Sheria ya Massachusetts ya saa kumi, kwa wanawake na vijana, ilitoka mwaka 1874, miaka ishirini na tisa baada ya Eliza Hemingway kuhesabu taa zile mbele ya baraza. Harriet Hanson alikuwa hai bado. Mwaka 1898, akiwa mzee, aliandika kitabu juu ya siku zake za kiwandani, na akasema humo kwamba alipogeuka nyuma siku ile ya mgomo alijivuna kuliko siku yo yote iliyofuata katika maisha yake.