Vita Vilivyojificha Kwenye Kisanduku cha Kuhifadhi Picha

Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Lakini sisi tunaoandika tukikaa tunangoja kuambiwa, tutangoja mpaka lini? Hebu fungua programu yoyote ya kupiga picha ya skrini, uingie kwenye mipangilio ya kuhifadhi. Utakutana na majina kama BMP, GIF, JPEG na PNG, na pengine kijiti cha kusogeza kilichoandikwa “ubora”. Wengi wetu tunabofya lolote lililo juu, tunaondoka zetu. Kumbe majina hayo yana historia ya pesa, wanasheria na ubishi wa karibu miaka kumi. Na ukichagua vibaya, ndugu mwandishi, herufi za shairi lako ndizo zinazolipa.

Tuanze mbali kidogo. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC mwaka 1981, kibodi ilikuwa na kitufe kilichoandikwa PrtSc. Ukikibonyeza pamoja na Shift, maandishi yaliyokuwa kwenye skrini yalikwenda moja kwa moja kwenye printa. Hapakuwa na cha kuchagua: karatasi ilitoka, basi. Windows ilipoenea miaka ya tisini, kitufe kilekile kikapewa kazi nyingine. Kilinakili picha ya skrini na kuiweka kwenye kumbukumbu ya muda. Wewe ulifungua programu ya kuchorea, ukaibandika humo, ndipo ukaihifadhi. Hapo swali likazaliwa: uihifadhi kwa mtindo gani?

Mtindo wa nyumbani wa Windows ulikuwa BMP. Huo kwa kawaida haubani kitu. Rangi ya kila nukta inaandikwa moja baada ya nyingine. Piga hesabu mwenyewe. Skrini ya nukta 800 kwa 600, kila nukta baiti 3, ni baiti 1,440,000. Disketi ya inchi tatu na nusu ilibeba takriban kiasi hicho hicho. Yaani picha moja, disketi moja! Skrini ya 1024 kwa 768 ndiyo balaa zaidi: baiti 2,359,296, na disketi inakataa katakata. Kwa hiyo kubana faili hakukuwa anasa.

Njia ya kubana ilikuwepo tayari. Mwaka 1987 CompuServe, kampuni ya Marekani iliyowaunganisha watu wenye kompyuta kupitia nyaya za simu, ilitoa mtindo wa GIF, kazi iliyoongozwa na Steve Wilhite. GIF ilibeba rangi zisizozidi 256 tu, lakini kwa skrini za wakati ule zilitosha. Ilibana vizuri, na watu wakaipenda.

Mwiba ulikuwa ndani. GIF ilitumia njia ya kubana iitwayo LZW, jina lililotokana na Lempel, Ziv na Welch. Terry Welch aliichapisha mwaka 1984, na kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi, Sperry, ilipata hataza yake Desemba 1985. Hataza ni haki ya kisheria inayomwezesha mwenye uvumbuzi kuwazuia au kuwatoza wanaoutumia. Mwaka 1986 Sperry iliungana na Burroughs, ikazaliwa kampuni ya Unisys, na hataza ikahamia huko. Watu wakaendelea kutengeneza picha za GIF bila habari. Mwishoni mwa Desemba 1994, wengi wakiwa bado kwenye sikukuu, likaja tangazo: wanaotengeneza programu zinazotumia GIF watatakiwa kulipia leseni.

Jamani, moto uliwaka! Watu walijiuliza: kumbe namna ya kuhifadhi picha nayo ina mwenyewe? Lakini hawakuishia kulalamika. Januari 1995 Thomas Boutell aliweka mbele ya wenzake mtandaoni rasimu ya mtindo mpya. Wakaikosoa, wakaongeza, wakapunguza, wengi wao wakijitolea tu. Tarehe 1 Oktoba 1996 mtindo huo, PNG, ukapitishwa rasmi na W3C, chombo kinachoweka kanuni za wavuti. PNG inabeba rangi kwa mamilioni, inabana bila kupoteza hata nukta moja, na ilibuniwa makusudi ili iwe huru kwa yeyote kuitumia.

Ubishi haukuishia hapo. Mwaka 1999 Unisys ilitaka baadhi ya wenye tovuti walipe dola 5,000, na tarehe 5 Novemba mwaka huo wapinzani waliitisha siku ya “kuchoma GIF zote”. Mwisho wa yote muda ndio uliokata shauri. Hataza ilikwisha Marekani mwaka 2003, na katika nchi nyingine kadhaa mwaka 2004. Leo GIF haidaiwi na mtu, ila PNG ilikwishapata makao yake.

Na JPEG je? Huyo ana ukoo mwingine. Kanuni yake ilikamilika mwaka 1992, na ililenga picha za kamera: nyuso, mawingu, miti. Huigawa picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8, kisha kwa hesabu ambayo Nasir Ahmed, mzaliwa wa India, na wenzake wawili waliichapisha mwaka 1974, hutupa yale ambayo jicho haliyaoni kirahisi. Kwenye uso wa mtu hutagundua. Kwenye herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe utagundua, maana kingo kali ndizo zinazoumia: vivuli vichafu vinazizunguka kama vumbi. Tena kila ukiirekebisha na kuihifadhi upya, inaweza kupoteza zaidi.

Kile kijiti cha “ubora” kinatoka huku. Kipimo cha 1 mpaka 100 kilienezwa na programu ya bure ya Independent JPEG Group, kikundi kilichoongozwa na Tom Lane, kuanzia mwaka 1991. Wao waliweka 75 kama chaguo la kawaida. Usidhani 75 ni asilimia sabini na tano ya picha; ni kipimo tu cha ukali wa kutupa. Kwenye PNG ukikuta namba kati ya 0 na 9, hiyo ni habari nyingine: inapima jitihada za kubana, na picha haiharibiki hata kidogo.

Kwetu sisi haya si mambo ya mafundi peke yao. Siku hizi hadithi zinasambaa kama picha za skrini, kutoka simu hadi simu, na programu nyingi za ujumbe huzibana upya njiani. Anayeanza na herufi zilizokwisha chakaa atamfikishia msomaji nini? Basi maandishi yahifadhi kwa PNG, picha ya kamera kwa JPEG, na jina la faili libebe tarehe, maana ushahidi usio na tarehe hauna miguu. Boutell na wenzake walikataa kupangiwa namna ya kuhifadhi kazi zao. Sisi tunapewa chaguo hilo bure kila siku. Tulitumie.