Kabla ya Vidonge

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka minne baadaye watafiti walipima damu za watu wazima wa mjini Bukoba, na karibu mmoja kati ya wanne akakutwa na virusi. Hesabu ikifika hapo, ni shida kuupata ukoo ambao haukuwa na wa kumuuguza.

Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichovushwa kwa magendo kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, kule Rakai, ulikuwa silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Wapo walioapa kwamba ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana ziwani.

Madaktari walitibu walichoweza: kifua kikuu, kuhara, utandu mweupe kinywani, mkanda wa jeshi. Virusi vyenyewe havikuwa na dawa. Vitanda vilijaa, na mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani. Waliozidiwa Dar es Salaam na Mwanza nao walirudi, kwa basi ama kwa meli, hadi kwenye migomba ya wazazi wao. Waliowapokea, mara nyingi, walikuwa akina mama watu wazima, waliodhani zamu yao ya kulea imekwisha.

Kazi yenyewe haisimuliwi sana, labda kwa kuwa haina cha kujivunia mbele za watu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya makalio na visigino huchubuka na kuwa vidonda. Anayeharisha huchanganyiwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anyweshwe kidogokidogo. Mdomo wenye utandu husukutuliwa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kabla ya uji, maana bila hivyo uji haupiti. Mashuka yaliyochafuka hulowekwa kwenye maji ya jiki, kisha hufuliwa na kuanikwa juani. Glovu zilipokosekana, mfuko wa nailoni ulivishwa mkononi. Na haya yote yalifanywa wakati jirani akiogopa hata kunywa chai kwenye kikombe cha nyumba hiyo.

Aliyeigeuza kazi hii ya kujificha kuwa huduma ya hadharani alikuwa Mganda, Noerine Kaleeba, mwalimu wa fiziotherapia katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1986 aliitwa Uingereza: mumewe, Christopher, aliyekuwa akisoma Hull, alikuwa mahututi na amekutwa na UKIMWI. Katika hospitali ya Castle Hill alikuta wauguzi wakimshika mumewe bila woga, wakiketi naye na kuzungumza. Waliporudi Kampala alikutana na hofu, ikiwemo ya watu wa hospitali aliowajua. Christopher alifariki Januari 1987.

Mwaka huohuo Noerine na wenzake, kumi na sita kwa jumla, wengi wao wakiwa na virusi, walianzisha shirika la TASO. Walianza kwa kukutana, kusali pamoja na kutembelea wagonjwa. Dawa za maana hawakuwa nazo. Walikuwa na ushauri nasaha, chakula na mtu wa kubisha hodi, na nadhani ndiyo maana walifanikiwa: hawakuahidi wasichokuwa nacho. Mwaka 1989 jijini Dar es Salaam, mtaalamu wa ustawi wa jamii Theresa Kaijage alianzisha WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, kwa ajili ya wenye virusi na familia zao.

Dawa za kufubaza virusi zilipoonyesha nguvu zake mwaka 1996, huku kwetu ilikuwa habari ya kusoma gazetini. Bei yake ilizidi dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dozi ya mwaka kwa dola 350, na mlango ukafunguka. Tanzania ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kliniki nyingi zilimtaka anayeanza dawa aje na ndugu au rafiki wa kumkumbusha, kwani vidonge vilimezwa kila baada ya saa kumi na mbili bila kuruka. Wengi walichagua saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, redio ikiwa ndiyo kengele yao.

Kilichobaki ni swali la wataalamu: je, tiba hii ngumu inaweza kusimamiwa nje ya hospitali? Jibu lilitoka Jinja, nchini Uganda. Kuanzia mwaka 2005, wagonjwa 1,453 wa TASO waligawanywa. Baadhi walihudhuria kliniki kama kawaida. Wengine walitembelewa nyumbani kila mwezi na wahudumu waliopanda pikipiki, wasio madaktari wala wauguzi, waliofundishwa kwa wiki chache kugawa dawa na kutambua dalili za hatari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Walioshindwa kudhibiti virusi walikuwa asilimia 16 kwa waliohudumiwa nyumbani na asilimia 17 kwa wa kliniki, na wa nyumbani walitumia fedha kidogo zaidi, nauli ikiwemo.

Wahudumu wa Jinja walikuwa na mishahara. Wanawake wa Kagera waliokuwa wakigeuza wagonjwa usiku, miaka ishirini kabla yao, hawakulipwa na mtu, na hakuna jarida la kitabibu lililowahesabu.