Nukta na Mstari: Historia Fupi ya Programu za Kuchora Grafu katika Kompyuta za Nyumbani

Mtu akisimama mjini Gitega na kuutazama mlima ulio mbali, huuona umepinda kama mgongo wa ng'ombe. Akiupanda kwa miguu, mpindo ule hauoni tena. Akijuacho ni mteremko ulio chini ya nyayo zake, mkali hapa na wa taratibu pale. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni umbali wa jicho. Jambo hili, ambalo mtoto wa Mushasha au wa Muyinga hulijua kabla hajaingia darasani, ndilo lililokuja kuwa msingi wa programu mojawapo mashuhuri ya hisabati iliyotungwa kwa ajili ya kompyuta ndogo katika miaka ya 1980. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi programu za namna hiyo zilivyoundwa, na kuonyesha kwamba zilimwachia mwalimu kazi ambayo mashine haikuiweza.

Tuanze na mashine zenyewe. Hadi katikati ya miaka ya 1970 kompyuta ilikuwa mali ya serikali, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mwaka 1977 zilitokea Marekani mashine tatu ambazo mtu wa kawaida aliweza kuzinunua zikiwa zimekwisha kuunganishwa: Apple II, Commodore PET na TRS-80. Uingereza nayo, mwaka 1981, ilitoa ZX81 ya Clive Sinclair, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu. Mashine hiyo iliweza kuchora vijiraba 64 kwa upana na 44 kwa kimo, hata mstari uliopinda ulionekana kama ngazi. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikatoka BBC Micro, iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge na kuenea sana katika shule za Uingereza. Na mwaka 1982 ikafuata ZX Spectrum. Hizi mbili ndizo zilizompa mwalimu wa hisabati ubao mpya wa kuchorea.

Ubao huo, hata hivyo, ulikuwa finyu. BBC Micro ya aina ya B ilikuwa na kilobaiti 32 za kumbukumbu. Picha yake iliyo safi kuliko zote, yenye nukta 640 kwa 256, ilikula kilobaiti 20 peke yake. Ukitoa na zile zilizohitajiwa na mashine kwa shughuli zake, mtunzi wa programu alibaki na sehemu ndogo mno ya kuandikia kazi yake yote. Ndiyo sababu wengi waliridhika na picha ya nukta 320 kwa 256, iliyotumia nusu ya kumbukumbu hiyo.

Taabu ya pili ilikuwa ya vipimo. Skrini haijui namba hasi wala sehemu. Inachojua ni kuhesabu nukta. Katika ZX Spectrum, lugha ya BASIC ilimruhusu mtumiaji kuchora nukta 256 kwa upana na 176 kwa kimo, kwa kuwa nafasi ya mistari miwili ya chini iliwekewa maandishi. Tuseme mwanafunzi anataka kuchora mraba wa x, kuanzia -4 hadi 4. Upana wa vizio 8 hugawanywa kwa nukta 256, na kila kizio kikapata nukta 32. Lakini kimo hupanda kutoka 0 hadi 16, kwa hiyo kila kizio cha kimo hupata nukta 11 tu. Matokeo yake ni kwamba mstari ambao kwenye karatasi ya miraba hupanda sawasawa, kizio kimoja juu kwa kizio kimoja mbele, katika skrini huonekana umelala. Asiyeambiwa siri hiyo atausoma mteremko vibaya, naye atadhani amesoma sawa, maana ameuona kwa macho yake.

Taabu ya tatu ilikuwa namna ya kupokea kanuni anayoitaka mtumiaji. Programu nzuri haikupasa kuchora kanuni moja tu iliyowekwa na mtunzi. Hapa mashine zilitofautiana. ZX Spectrum ilikuwa na amri ya VAL, na BBC Micro ilikuwa na EVAL, ambazo zilichukua maandishi kama yalivyopigwa na mwanafunzi na kuyakokotoa kama hesabu. Commodore 64 ya mwaka 1982 haikuwa na amri kama hiyo katika BASIC yake, wala haikuwa na amri ya kuchora nukta. Mtumiaji alilazimika kuifungua programu yenyewe na kuandika kanuni yake ndani, naye mtunzi alilazimika kuwasha nukta kwa kubadili namba katika kumbukumbu, moja baada ya moja.

Taabu hizo zote zilishindwa kwa akili na subira. Iliyobaki ni ya nne, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu. Mashine haichori mstari, huchora nukta. Programu hukokotoa thamani kwa kila hatua, huweka nukta, kisha huziunganisha kwa vipande vifupi vilivyonyooka. Haba na haba hujaza kibaba, na jicho huamini kuwa limeona mstari mmoja. Je, baina ya nukta mbili pana nini? Mashine haikuuliza.

Chukua 1 iliyogawanywa kwa x. Hatua ikiangukia hasa kwenye sifuri, programu isiyotayarishwa husimama na kutoa tangazo la kosa. Hilo ni afadhali. Hatua ikiiruka sifuri, programu huunganisha nukta ya upande wa kushoto, iliyo chini kabisa, na ya upande wa kulia, iliyo juu kabisa, na katikati ya skrini husimama mstari wima mahali ambapo kwa kweli pana pengo. Tena, chukua wimbi la sini linalopanda na kushuka mara 256 katika upana wa nukta 256. Kila nukta huangukia mwanzo wa wimbi, penye sifuri. Na mwanafunzi huonyeshwa mstari ulionyooka, tulivu kama maji ya mtungi, ilhali kanuni aliyoiandika inatikisika mara mamia. Mashine haikukosea hesabu hata moja. Uongo umo katika kuunganisha.

Aliyeikabili hatari hii kwa ustadi mkubwa ni David Tall wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Programu zake za BBC Micro, zilizoitwa Graphic Calculus, zilitolewa mwaka 1986. Tall hakuridhika na kumwonyesha mwanafunzi picha iliyokamilika. Alimpa uwezo wa kuchagua sehemu ndogo ya mstari uliopinda na kuikuza, kisha kuikuza tena, mpaka sehemu hiyo ikaonekana imenyooka. Hapo mteremko wa mstari uliopinda haukuwa tena jambo la kukariri, bali kitu cha kupimwa. Huyu ni yule mpanda mlima wetu, aliyeacha kuutazama mlima kwa mbali na kuukanyaga.

Wala hakuishia hapo. Mwanafunzi angeweza kudhani kwamba kila mstari ukikuzwa hunyooka. Kwa hiyo Tall alionyesha na mistari isiyonyooka kamwe, kama ule uliobuniwa na Mjapani Teiji Takagi mwanzoni mwa karne ya 20. Mstari huo hauna pengo popote, lakini kila unapoukuza hukuta vilima juu ya vilima, na juu ya hivyo vilima vingine, bila kikomo. Hauna mteremko mahali popote. Kwa kuweka mfano na kinyume chake pamoja, Tall aliifanya skrini iwe mahali pa kuuliza, si pa kuamini tu.

Yalituhusu nini hayo sisi wa Afrika Mashariki? Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu mwaka 1974, baada ya mashine zilizonunuliwa na serikali kutoleta faida iliyotarajiwa. Nchini Kenya, mradi wa Aga Khan uliingiza kompyuta ndogo madarasani mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini kwa shule chache. Wanafunzi walio wengi katika eneo letu walichora grafu kwa chaki, rula na karatasi ya miraba. Siku hizi simu ya mkononi huchora kwa nukta ambayo Spectrum ingehitaji dakika nzima kuichorea. Tumeruka hatua za katikati, na hapo ndipo penye hatari: tumeipata picha bila kupitia taabu zilizowafundisha watunzi wa kwanza kuishuku.

Hapana budi, basi, mwalimu azirudishe taabu hizo kwa makusudi. Awape wanafunzi jedwali lenye nukta tano na awaulize ni mistari mingapi tofauti inayoweza kupita humo. Awaoneshe 1 juu ya x kabla ya simu kuwaonesha. Na mwalimu wa Kiswahili asidhani kwamba jambo hili si lake. Nchini Burundi hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa, na neno pente la somo hilo ni lile lile Wafaransa walitumialo kwa mlima. Sisi nasi tunalo neno mteremko, nalo halikubuniwa na kamati. Limetoka njiani, kwa watu waliobeba mizigo. Mtoto akipewa neno analolijua kwa miguu yake, ataweza kuiambia mashine: hapa umeunganisha pasipounganika.