Filta ya tangi la samaki ya kujitengenezea: chupa, sponji na vipande vya mawe ya timbo

Samaki wa mapambo akifa wiki ya kwanza au ya pili baada ya kununuliwa, lawama humwendea aliyemuuza. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Kilichomuua ni maji, na maji hayo unaweza kuyatazama yakawa meupe kabisa kama ya kunywa. Ndiyo maana mtu anayefuga gapi au moli nyumbani, au kijana anayetaka kuwazalisha awauze, anahitaji filta hata kabla hajafikiria rangi ya samaki. Filta za dukani si rahisi kwa mfuko wa kila mtu. Ile inayoelezwa hapa hutengenezwa kwa vitu vya mtaani, na kitu cha kutolea pesa ya maana ni pampu ya hewa peke yake.

Kwanza ieleweke kazi ya filta. Wengi hudhani ni kushika uchafu unaoonekana. Hiyo ni kazi ya pili. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki chini kikioza nacho hutoa amonia. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki huvumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hawaogelei ovyo majini, bali hujishika kwenye kitu: jiwe, sponji, ukuta wa tangi. Kwa hiyo filta ni nyumba ya bakteria, na maji yenye hewa yanapaswa kupita katika nyumba hiyo mchana na usiku.

Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Maji yakiwa na joto, hewa yake hupungua: maji baridi ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama saba na nusu. Tena visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake huwa mazito kwa chokaa. Katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ile kali inayoua. Pahala penye baridi na maji laini mfugaji anaweza kuzembea siku mbili tatu asijue. Malindi utajua kesho yake asubuhi.

Vifaa ni hivi: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kipande cha bomba la plastiki la milimita 20 (lile ambalo mafundi wa stima hupitishia nyaya linafaa), kipande cha sponji, mpira mwembamba wa hewa, pampu ndogo ya hewa, na vipande vya mawe. Kuhusu mawe, nenda kwenye timbo ambako hukatwa mawe ya kujengea. Vile vipande vinavyobaki chini huwa na vitundu vingi, na kila kitundu ni chumba cha bakteria. Chagua vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, uvioshe mpaka maji yatoke bila vumbi. Mawe haya ni ya matumbawe ya kale, hivyo huongeza chokaa kwenye maji. Gapi, moli na plati hawana neno na hali hiyo, na moli hata huipenda. Ukikusudia kufuga samaki wa maji laini, kama neoni, tumia kokoto ya mwamba mweusi. Ukitaka kujua jiwe lina chokaa, lidondoshee siki. Likitoa povu, linayo.

Matumbawe ya baharini usiyaguse, hata yawe yamekufa na kutupwa na mawimbi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na humo hutoki na kombe, jiwe wala samaki. Isitoshe, jiwe la timbo hufanya kazi ile ile.

Sponji hupatikana kwa mafundi wa makochi, ambao hutupa vipande kila siku. Weka kipande mdomoni upulize: pumzi ikipita bila shida, kinafaa. Sponji nzito isiyopitisha pumzi itaziba baada ya siku chache. Sponji za kuoshea vyombo ziache, nyingine hutiwa dawa ya kuua vijidudu, na vijidudu ndio unaowatafuta. Kuna wanaoshauri makaa ya jikoni au makumbi ya nazi. Makaa yanayosafisha maji hutayarishwa kwa namna yake kiwandani, na yale ya gunia hayalingani nayo. Makumbi hupaka maji rangi ya chai kisha huoza. Vyote viwili mimi naona ni usumbufu.

Sasa kazi yenyewe. Kata kichwa cha chupa pale inapoanza kuwa nyembamba, ubaki na kikombe kirefu. Pima bomba ili likisimama chini ya chupa ndani ya tangi, ncha yake ya juu ifike karibu na uso wa maji. Ncha ya chini ikate mianya minne ya kama sentimita moja, maji yapate kuingia. Lisimamishe katikati ya chupa, jaza vipande vya mawe kuzunguka mpaka robo tatu, kisha kata duara la sponji lililo kubwa kidogo kuliko chupa, litoboe katikati, ulishukishe kwenye bomba mpaka likae juu ya mawe na kubana pembeni. Mwisho ingiza mpira wa hewa ndani ya bomba kutoka juu hadi kama sentimita mbili kutoka chini.

Pampu ikiwashwa, mapovu hupanda ndani ya bomba na kubeba maji. Maji yaliyopanda huacha nafasi, na maji ya tangi hushuka kupitia sponji, yakapita kwenye mawe, yakaingia kwenye mianya na kupanda tena. Mapovu yakitoka chini zaidi, mvuto huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo tangi refu lina faida. Chupa moja hutosha tangi la lita 40 hadi 60 lenye gapi kumi hivi. Vitoto vya gapi havifyonzwi, kwa sababu sponji huvizuia. Ndiyo maana wazalishaji wengi huipendelea filta ya sponji hata kama wana uwezo wa kununua kubwa.

Pampu iweke juu kuliko uso wa maji, kwenye rafu au itundikwe ukutani. Ikikaa chini na stima ikapotea, maji yanaweza kurudi kwa mpira mpaka ndani ya pampu, kisha sakafuni, penye soketi. Kuhusu tokeni usiwe na hofu: pampu ya wati 3 ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 hutumia uniti 2 na kidogo.

Stima ikipotea kwa muda mrefu, acha kulisha. Chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara kadhaa kila nusu saa, yachukue hewa. Samaki akiwa juu anahema, ni dalili ya hewa kupungua au amonia kupanda. Giza likizidi saa kadhaa, suuza filta kabla ya kuiwasha tena, kwa sababu bakteria waliokosa hewa hufa na kuoza ndani yake.

Hapa ndipo wengi huharibu: filta mpya haina bakteria. Ni mawe matupu. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kuenea, na katika wiki hizo tangi halina kinga. Anza na samaki wawili au watatu, walishe kidogo mara moja kwa siku, ubadilishe theluthi ya maji kila siku ya pili. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake iliyotumika au akukamulie ndani ya tangi lako. Yale maji machafu yatakupunguzia wiki kadhaa.

Maji ya mfereji hutiwa klorini, na klorini huua bakteria wako pamoja na kuchoma matamvua ya samaki. Yaache kwenye beseni wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Kwa sababu hiyo hiyo, usioshe sponji kwenye mfereji. Isuuze ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kila baada ya wiki mbili tatu, bila sabuni. Mawe usiyatoe siku moja na sponji. Yapishanishe, ili upande mmoja ubaki na bakteria. Filta ya rangi ya kahawia inafanya kazi. Anayeifanya ing'ae kila Jumamosi ndiye huyo huyo anayenunua samaki wapya kila mwezi. Baada ya miezi miwili, robo ya maji kwa wiki inatosha.

Filta hii haitoshi kwa samaki wa baharini, tusidanganyane. Na gapi watazaana: jike huzaa karibu kila mwezi, vitoto ishirini na zaidi. Wakikushinda, wauze au wagawe kwa mwenye tangi. Usiwamwage Mto Sabaki wala kwenye dimbwi la jirani, maana humo wakishika hawatoki tena, na hula mayai na vitoto vya samaki wa asili.