Daladala na Nyayo za Mwalimu: Kuitazama Dar es Salaam kwa Nauli ya Kawaida

Kila inapokaribia Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, macho ya taifa huelekezwa Butiama, na katika mji wa Musoma wakazi wa Makoko na Mwisenge hukumbushwa kwamba ni hapo Mwisenge alipoanzia shule mwaka 1934. Inayosahaulika ni safari ya kinyume chake, ile ya mtu wa Mara anayetaka kuuona mji ambamo Mwalimu alifanyia siasa zake. Safari hiyo haihitaji gari la watalii, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia hiyo imo kandokando ya njia za daladala, yaani mabasi ya abiria ya watu binafsi. Ajabu ni kwamba mabasi hayo yalizaliwa kwa kukiuka sheria ya serikali ya Mwalimu mwenyewe.

Usafiri wa mabasi jijini uliendeshwa kuanzia mwaka 1949 na kampuni binafsi ya DMT, ambayo ilitaifishwa mwaka 1970 kufuatia siasa ya Azimio la Arusha, na mwaka 1974 kazi yake ya mjini ikakabidhiwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Mtafiti Matteo Rizzo, ambaye kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu mabasi ya jiji hili ndicho makala hii inachokitegemea zaidi, anauona mwanzo wa daladala katika kuzorota kwa shirika hilo. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, na mabasi ya UDA yakazidi kupungua huku watu wakizidi kuongezeka. Wenye magari wakaanza kubeba abiria bila kibali, wakikwepa polisi, na abiria wakawa radhi kulipa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, kuliko kusubiri basi la umma lisilojulikana litafika saa ngapi. Hapo ndipo palipokuwa na mvutano halisi: dola iliyohubiri ujamaa ilimkamata mtu kwa kosa la kutoa huduma ambayo dola yenyewe ilishindwa kuitoa. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu na Mwalimu akiwa bado Rais, serikali ilisalimu amri na kuwaruhusu watu binafsi. Yapo yaliyofuata ambayo Rizzo anayasisitiza, na kwa haki: dereva na konda, yaani mpokea nauli, walifanya kazi bila mkataba wakiitafuta hesabu, kiasi ambacho mwenye gari hudai kila siku, na mwendo wa kasi unaomtisha mgeni ulitokana na deni hilo zaidi kuliko utovu wa adabu.

Baadaye yalikuja magari ya Chai Maharage, ambayo abiria waliketi wakitazamana, kisha vipanya na Coaster, na Mei 10, 2016 yakaanza mabasi yaendayo haraka, maarufu kwa jina la mwendokasi.

Kwa mgeni anayeshuka leo katika kituo kikuu cha Mbezi, Barabara ya Morogoro inampeleka Magomeni, ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu wakati wa kupigania uhuru, kisha karibu na mtaa wa Lumumba, chimbuko la chama cha TANU kilichoundwa Julai 7, 1954, na viwanja vya Mnazi Mmoja. Magari ya Gongo la Mboto humsogeza Pugu, shule ambayo Mwalimu aliacha kufundisha mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Na yale ya Barabara ya Bagamoyo hupita Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kuonyesha nyumba za jadi za makabila ya nchi.

Hata hivyo, mgeni anayepita njia hizo hutegemea sauti ya konda na hisani ya jirani wa kiti, jambo ambalo ni aibu kwa jiji lenye historia ya kiasi hiki. Mamlaka za usafiri na Makumbusho ya Taifa zikubaliane kubandika katika vituo vya Magomeni, Mnazi Mmoja na Gongo la Mboto ramani ya njia inayotaja kwa Kiswahili maeneo ya kihistoria yaliyo jirani na umbali wake kwa miguu.