Ndoa na Mpaka: Haki ya Kusafiri ya Wenzi Wasio Raia wa Umoja wa Ulaya, 1968–2014

Makala hii inachunguza namna mume au mke asiye raia wa Umoja wa Ulaya alivyopata haki ya kuvuka mipaka akifuatana na mwenzi wake. Hoja kuu ni kwamba haki hiyo haikutokana na ndoa peke yake, bali na safari ya raia.

Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 ulimtazama anayehama kama nguvukazi ya soko la pamoja. Hata hivyo, Kanuni Na. 1612/68 ya tarehe 15 Oktoba 1968 ilitambua kuwa mfanyakazi ana familia. Kifungu cha 10 kilimruhusu mwenzi wake kuishi naye, awe na uraia wowote. Agizo Na. 68/360 la mwaka huohuo liliziachia nchi mamlaka ya kumdai mwenzi huyo viza, ila kwa sharti la kumrahisishia kuipata. Hivyo basi, haki ilikuwapo, lakini ofisa wa viza aliweza kuichelewesha.

Mahakama ya Ulaya ilipunguza nguvu hiyo hatua kwa hatua. Katika kesi ya Surinder Singh, iliyoamuliwa tarehe 7 Julai 1992, raia wa India na mkewe Mwingereza walikuwa wamefanya kazi Ujerumani kabla ya kurejea Uingereza. Mahakama iliamua kwamba raia anayerejea kwao baada ya kazi hiyo hurejea na haki ya kuwa na mwenzi wake. Mwaka 2002, katika kesi ya MRAX, iliamuliwa kuwa mwenzi asiye na viza asirudishwe mpakani ikiwa anathibitisha utambulisho na ndoa yake, na si tishio kwa jamii.

Njia haikunyooka. Mwaka 2003, uamuzi wa Akrich ulidai mwenzi awe tayari anaishi kihalali katika nchi mwanachama. Ireland iliweka sharti la namna hiyo, likawaathiri wanandoa ambao wenzi wao walikuwa wamenyimwa hifadhi. Kesi ya Metock ililifuta tarehe 25 Julai 2008. Aidha, Agizo Na. 2004/38 lilikuwa limekwisha kuifanya viza itolewe bure na kwa haraka, na kumwondolea sharti la viza mwenye kadi ya ukaazi. Mwaka 2014, kesi ya McCarthy iliizuia Uingereza kumdai kibali cha kuingia mke Mkolombia aliyekuwa na kadi hiyo kutoka Hispania.

Matokeo yake ni kinaya. Mfaransa anayefanya kazi Berlin humleta mumewe kutoka Kenya kwa sheria ya Ulaya. Jirani yake Mjerumani, ambaye hajawahi kuhama, hufuata sheria ya nchi yake, ambayo tangu mwaka 2007 kwa kawaida humtaka mume athibitishe kujua Kijerumani cha msingi kabla ya kuingia. Ndoa ni zilezile. Kinachozitenganisha ni mpaka ambao mmoja aliuvuka na mwingine hakuuvuka.